Miungu ya Jumatano

Jumamosi, 4 Machi

Leo nimeaibika mezani kwangu mwenyewe.

Tulikuwa pangoni. Yaani wao watatu, mume wangu, dada yake na rafiki yao Kinyozi, ndio walikuwa pangoni. Mimi ndiye pango, pamoja na giza lake, matone ya maji na nyoka, maana mimi ni Msimulizi, na katika mchezo huu wa hadithi na dadu Msimulizi ndiye dunia nzima. Shujaa wa Kinyozi, yule mwenye shoka, kaumwa na nyoka. Kinyozi karusha dadu, kapata moja. Kwisha. Basi akapiga magoti kwenye zulia langu, kweli kabisa, na tumbo lake lile, akasema shujaa anataka kusali kabla ya kukata roho. Halafu akanitazama.

"Shemeji, nisali kwa nani?"

Dunia hii naijenga tangu sijaolewa. Ina mito, ina madaraja na ushuru wa madaraja, ina majambazi wenye lafudhi zao. Mungu hata mmoja haina.

Nikasema tupumzike, chai inapoa. Mume wangu akacheka chini chini. Wifi yangu akamtazama. Hawa ndugu wawili wana namna yao ya kutazamana, siipendi tangu siku ya harusi.

Nimewaahidi ukoo mzima wa miungu. Shujaa amebaki hapo hapo, roho mkononi, ananisubiri.

Jumapili, 5 Machi

Nimetunga kutwa. Mungu wa jua. Mungu wa vita. Wa mavuno, wa bahari, wa mauti. Nikagundua wote wana ndevu. Nikamnyoa wa mavuno.

Nimewasoma kwa sauti jikoni, mume wangu anaosha vyombo. Kasema: wazuri. Haraka mno! Hata sahani hajaiweka chini. Mtu anayekubali upesi hivyo ana lake jambo. Nikamuuliza yupi kampenda zaidi. Kasema yule wa jua. Nikamuuliza kwa nini. Kasema, basi tu, jua ni jua.

Mama kapiga simu kuuliza hali. Nikamwambia niko natunga miungu. Kauliza kama kazini wamenifukuza.

Jumatano, 8 Machi

Leo nimesaga lensi za miwani mpaka vidole vimekufa ganzi. Narudi nyumbani, mume hayupo. Dharura. Lifti imekwama na watu ndani, na fundi lifti ni yeye. Sawa. Ila Jumatano iliyopita pia ilikwama. Na ile kabla yake. Lifti gani hizi zinazoijua kalenda?

Karudi sauti imemkauka. Nikauliza. Eti alikuwa anawapigia kelele walionaswa wasiogope.

Halafu yametokea makubwa. Anafungua kopo la nyanya, kajikata kidole, akaruka: "Kwa miguu ya Bi Sisimizi!"

Nani huyo? Kasema nani? Bi Sisimizi, nimesikia. Kasema limemtoka tu, maneno ya mafundi.

Maneno ya mafundi! Mafundi lifti nawajua, nimewatengenezea miwani. Wakiumia wanatukana mama ya mtu. Hawaapi kwa miguu ya sisimizi. Na mtu haapi kwa kitu ambacho hajakizoea mdomoni. Nimewapitia miungu yangu mmoja mmoja. Bi Sisimizi hayumo. Ni mungu, hilo halina ubishi, lakini si wangu.

Mwanamke mwingine angeshuku mwanamke. Heri ingekuwa hivyo, ningejua pa kuanzia.

Jumamosi, 11 Machi

Nimebadili mbinu. Mezani nikatangaza: haya, kila mtu alete mungu wake, mimi nitapitisha. Nilitegemea wakune vichwa. Hakuna aliyekuna! Kila mmoja alikuwa naye tayari, ameshapigwa pasi.

Mume wangu kaleta Bwana Kutu, mungu wa vyuma vilivyoachwa mvuani. Hana haraka na hajawahi kushindwa vita. Nikamkataa. Nani atamjengea kutu hekalu? Kinyozi kaleta Mama Upepo, ambaye ni kiziwi, kwa hiyo ukimwomba lazima upige kelele mpaka mishipa ya shingo itoke. Nikamkataa. Nina majirani. Wifi, ambaye kutwa yuko na watoto wa chekechea, kaleta mungu mtoto, jina lake Kwanini. Kazi yake kuuliza tu. Muumini akidanganya anaota mkia. Huyo nilimkataa kabla wifi hajamaliza. Ananilenga mimi. Sijui kwa vipi, ila najua.

Na hawakubisha! Hilo ndilo linalonitafuna. Zamani Kinyozi angegombana nami mpaka koo likauke. Leo kasema, sawa shemeji, wewe ndiye Msimulizi. Wifi kasema haina shida, wifi yangu. Wakacheza vizuri, kwa adabu, kama watu waliokuja kumtazama mgonjwa. Shujaa wa Kinyozi kasali kwa mungu wa jua na akapona. Kinyozi kasema ahsante. Hakupiga hata magoti.

Jumatatu, 13 Machi

Nimefungua mkebe wa dadu kuzipangusa. Zile za bluu zinanuka poda. Poda ya kinyozi, ile anayokupaka shingoni akimaliza.

Mimi sikai na poda nyumbani.

Halafu hapo hapo likanijia: mungu kiziwi, lazima upige kelele. Na sauti ya mume wangu ilikauka Jumatano.

Kuna meza nyingine, na mimi sipo.

Jumanne, 14 Machi

Penye mtego hapakosi panya. Nimetega.

Wakati wa chakula cha mchana nilipita shuleni kwa wifi, nikajifanya nimemletea miwani yake iliyokuwa imelegea mkono. Watoto wamelala kwenye vijigodoro, tunaongea kwa kunong'ona. Nikamwambia nimepata mungu mpya, Bwana Kipotevu, mungu wa vitu vilivyopotea. Na ana mwiko: muumini wake harushi dadu kabla hajagusa sikio la kushoto. Nimekuambia wewe tu wifi, nikasema, usimwambie mtu, hata kaka yako.

Kipotevu mwenyewe nilimtunga njiani nikivuka barabara. Hana sura, hana hadithi. Ni chambo tu.

Wifi kanishika mkono. Kasema, huyu mzuri, huyu mzuri kweli. Macho yalimng'aa. Nikaona aibu kidogo. Si nyingi.

Jumatano, 15 Machi

Lifti imekwama. Bila shaka.

Jumamosi, 18 Machi

Kinyozi kagusa sikio.

Kachukua dadu, kanyanyua, mkono mwingine ukaenda wenyewe sikioni, kushoto, ndipo akarusha. Nikamuuliza vipi, sikio lina nini? Kasema linawasha, nywele za wateja. Haya. Ikaja zamu ya mume wangu. Sikio! Kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Ni wifi peke yake hakugusa. Yeye alikuwa anatazama chai yake kama ameangusha pete humo.

Nikaendelea kusimulia. Sijui nilisimulia nini. Nadhani niliua farasi. Wote watatu! Kwenye meza yangu, wamekalia viti vyangu, wanakunywa chai yangu, na dunia yangu wanaila mahali pengine kwa mikono miwili.

Walipoondoka mume wangu kauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Kasema leo nilikuwa mkali kwa farasi.

Jumanne, 21 Machi

Nimekosea lensi ya mteja. Ya kulia nimeiweka kushoto. Bosi kaigeuza mwenyewe, na afadhali angenigombeza.

Nawaza hivi. Duniani kwetu huku mimi nasaga lensi ili wengine waone. Mume wangu akiingia ukumbini watu wanashangilia, lifti imepona. Kinyozi ana mji mzima kwenye kiti chake. Wifi anapendwa na watoto mpaka anakanyagwa. Mimi nina dunia ile moja tu, ya Jumamosi. Wakinichukulia hiyo nabaki na nini? Nabaki na macho ya watu.

Kesho nawafuma. Maneno nimeshayapanga. Nitaanza na mume wangu, nitamalizia na wifi, kwa sababu wifi ndiye aliyenishika mkono.

Jumatano, 22 Machi

Naandika nikiwa kwenye kiti cha wateja, kinyozini. Hati mbaya, naandikia magotini. Afadhali shajara hii naibeba kwenye mkoba, nyumbani sithubutu kuiacha.

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi nilimuuliza mume wangu kwa upole kama leo kuna dharura. Kasema huenda, lile jengo la mawakili, lifti yake korofi. Nilipotoka kazini nikaenda. Lifti nzima kabisa! Nikapanda mpaka juu, nikashuka mpaka chini, nikapanda tena ili nisije nikasingizia mtu. Mlinzi kaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia naikagua.

Kisha nikaja huku. Kibao kinasema KIMEFUNGWA, lakini mlango umerudishwa tu. Nikaingia polepole. Jua bado lipo, linaingia dirishani mpaka kwenye vioo. Hapa mbele hakuna mtu. Wako chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, feni inavuma na mwanga wao unavuja chini ya kitambaa. Nilitaka kulivuta pazia hapo hapo. Nikasema ngoja kwanza nisikilize ili wasije wakakana.

Msimulizi ni mume wangu.

Anasimulia vibaya! Jamani! Anasahau majina. Anacheka kabla ya kichekesho. Bahari ameiweka juu ya mlima, na wifi alipomuuliza maji hayamwagiki vipi, kasema hata yeye anashangaa. Na hakuna aliyegomba. Wamekubaliana tu, bahari iko juu, lazima waipande. Mimi nisingepitisha hilo hata kwa bunduki.

Halafu Kinyozi kaanza kumwomba Mama Upepo. Kelele hizo! Chupa za mafuta ya nywele zimetikisika hapa mbele. Wote watatu wamesimama, wanapayuka, eti tanga lipate upepo. Mume wangu huyu, anayeninong'oneza hata akiomba chumvi.

Bi Sisimizi yumo, wanaapa kwa miguu yake. Bwana Kutu yumo. Hekalu lake ni daraja ambalo hakuna anayeruhusiwa kulikarabati. Kwanini naye yumo. Wifi kamsemea kwa kisauti cha kitoto, kamuuliza shujaa wa Kinyozi kwa nini hampigii mama yake simu. Kumbe mashujaa nao wana simu siku hizi. Kinyozi kadanganya, wakamwotesha mkia. Wote niliowakataa wamo humo ndani, wazima, wamenenepa.

Nikafungua mdomo nianze. Hapo ndipo nikamsikia Kipotevu.

Shujaa wa wifi amepoteza kitu, sikushika ni nini, amefika kwa Bwana Kipotevu kukidai. Mume wangu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kwamba Bwana Kipotevu harudishi. Yeye anavifuta vumbi tu kila siku, mpaka mwenyewe aje avikumbuke.

Feni tu.

Mimi nalia. Sijui kwa nini nalia, nimekuja kugomba! Chambo changu. Nilimtunga kwa ubaya navuka barabara, sikumpa hata uso, na wao wamemkaribisha wakampa kazi. Angebaki mezani kwangu angekuwa na ndevu.

Nataka kujua alichopoteza ni nini. Hilo ndilo ninalolitaka sasa hivi kuliko kuwafuma.

Wanaongea. Kinyozi kasema, shemeji angempenda huyu. Wifi kasema, mwambie basi kaka, mimi nimechoka kumficha, juzi kanitazama nikatamani sakafu ipasuke. Mume wangu kasema akiniambia nitakuja, nitakaa kiti chake, na bahari itashuka. Si kwa ubaya, kasema. Ndivyo alivyo mke wangu, kila kitu akikishika kinanyooka, na humu sisi tunataka kipinde kidogo.

Wifi kasema, basi aje acheze kama sisi.

"Acheze kama nani?" Kinyozi huyo. "Shemeji hajawahi kuwa mtu. Miaka yote hii yeye ni mvua, ni majambazi, ni ushuru. Sijawahi kumwona akirusha dadu akaogopa."

Hakuna aliyecheka. Kweli tupu. Sijawahi. Dadu zangu nazirusha nyuma ya kibao ili wasione, na nikipata moja nabadilisha.

Wanasogeza viti. Mtu anauliza maji ya kunywa yako wapi, Kinyozi anasema yako mbele, ngoja nilete. Nikitoka sasa hivi mlango utalia, wataniona mgongo. Nikikaa watanikuta. Nikiingia kama Msimulizi watasimama wote wanipishe kiti, kwa adabu, halafu Jumatano itahamia kwingine nisikokujua. Nikiingia kama mchezaji, Kinyozi ataniuliza kama anavyowauliza wageni wote mezani: jina lako nani, una kazi gani, unaogopa nini. Kazi ninayo. Ninachokiogopa ninacho, kimejaa. Jina sina. Vidole vyake naviona kwenye pazia, nitunge jina upesi, lolote, hata kama si zuri —