Kofi Ambalo Mama Salma Hakulipiga

Lidcombe, Alhamisi. Baridi kavu, upepo wa kusini, mbingu safi na jua lisilopasha chochote. Mwezi wa Agosti hapa ndivyo ulivyo.

Leo asubuhi daktari amenizuia kuendesha gari. Baiskeli pia, labda niwe na mtu. Majibu ya picha za kichwa bado hayajatoka, lakini hakuzungumza kama mtu anayesubiri majibu.

Kuna jambo niliandika hapa mwezi uliopita ambalo si kweli. Niliandika kwamba safari yetu ya baiskeli kando ya mto Danube, mimi na mke wangu, iliishia Vienna badala ya Budapest kwa sababu ya goti lake. Nimekuwa mwandishi wa habari tangu ujana wangu Tanga hadi nilipostaafu huku Sydney, na habari yenye kosa husahihishwa.

Goti la Mama Salma ni zima.

Mimi nilitaka milima. Yeye ndiye aliyesema mto. Njia ya mtoni ni tambarare, alisema, na magoti yetu si ya jana. Nikakubali. Tukapakia hema, jiko dogo la gesi na mikeka miwili ya kuswalia, tukaanza Ujerumani na kushuka na maji. Kanuni ya njia ilikuwa nyepesi: mto ukiwa kushoto, tunakwenda mbele.

Nyumbani huswali pamoja, mimi mbele, yeye nyuma. Safarini vilevile. Ila kibla kilikuwa kimebadilika. Hapa Lidcombe tunaelekea magharibi, na alasiri jua huwa usoni. Austria ni kusini-mashariki. Alasiri jua linatakiwa kuwa nyuma ya bega la kulia. Niliipiga hesabu hiyo mwenyewe siku ya kwanza, nikamweleza kwa kirefu kuliko alivyohitaji.

Kisha alasiri moja, kwenye kambi ya mahema iliyo chini ya mji mdogo, nikatandika mkeka kuelekea jua.

"Wee Baba Salma," akasema, "leo unamswalia nani? Makka imehama?"

"Sydney imenifuata."

"Basi iambie irudi, sisi bado tuko matembezini."

Tukacheka. Nikageuza mkeka.

Mara ya pili hakutania. Nilisoma takbira na jua likiwa machoni, nikaswali mpaka mwisho. Nilipotoa salamu na kugeuka, nyuma yangu hapakuwa na mtu. Alikuwa pembeni, karibu na baiskeli, amenipa mgongo, anaswali peke yake kuelekea kunakotakiwa.

Tulikunja mikeka tukapika wali.

Kuna adabu inayojulikana na kila mtu aliyepita chuo chetu cha Kurani. Imamu akikosea, mwanamume aliye nyuma yake humkumbusha kwa kusema. Mwanamke hasemi, hupiga kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili, mara moja, sauti kavu. Mama Salma ameswali nyuma yangu maisha yetu yote ya ndoa, na nikizidisha rakaa au nikipunguza, kofi hilo hulisikia. Siku ile hakulipiga.

Tulipofika Vienna akashika goti.

Leo kliniki, huko Campbelltown, daktari alianza na mimi. Najua kuhoji watu. Najua swali linaloulizwa kutafuta jibu na swali linaloulizwa kumtuliza anayehojiwa baada ya jibu baya. Aliponiuliza kama nafurahia bustani yangu, nilijua swali lililotangulia nimelikosa.

Halafu akamgeukia mke wangu, akamuuliza kama kuna jambo ameliona.

Alitoa ushahidi mzuri. Kwa mpangilio, bila kuongeza chumvi. Alifanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo alijua daktari anataka nini. Akaeleza habari ya kibla. Kisha akaeleza asubuhi nilipotoka kambini kununua mkate na sikurudi. Alinifuata kwa baiskeli akanikuta mbali, napanda mto, maji yakiwa mkono wangu wa kulia, mkate ukiwa kwenye mkoba wa mbele. Alinisimamisha akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia nampelekea mke wangu mkate.

Hilo silikumbuki.

Nimejaribu tangu asubuhi. Nakumbuka duka la mkate, kengele ya mlangoni, mwanamke mwenye aproni ya buluu. Baada ya hapo hakuna kitu. Kwenye chumba cha habari tusingeichapisha habari ya namna hii, ina chanzo kimoja tu. Nami nakiamini chanzo hicho kuliko ninavyojiamini.

Tulirudi kwa treni. Behewa lilikuwa karibu tupu. Nilimuuliza kuhusu goti, akasema goti ni zima. Nilimuuliza kwa nini alichagua mto.

"Barabara zina njia panda," alisema. "Mto hauna."

Kwa hiyo alijua kabla hatujafunga hata mzigo. Nilitazama dirishani. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nikipanga maswali kama nilivyozoea, na lililobaki lilikuwa moja.

"Siku ile mbona hukupiga kofi?"

"Ningepiga mangapi, Baba Salma?"

Tulipofika nyumbani nikampigia Salma, binti yetu, kwa sababu nilitaka asikie kutoka kwangu. Nilimweleza kwa Kiswahili. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba watu wa umri wangu husahau, nisikimbilie mbele. Kisha akasema, "Baba, mpe Mama simu." Kwa Kiswahili. Sikumbuki mara ya mwisho alipofanya hivyo, ingawa hilo sasa si ushahidi wa kitu.

Mama Salma aliichukua simu akaenda nayo jikoni, akafunga mlango.

Ugonjwa ukiwa ndio wanaoudhania, hauponi. Daktari alisema hivyo nilipomuuliza waziwazi, nami nilimshukuru kwa kutozunguka. Mke wangu alipotoka jikoni nilimwomba jambo moja tu. Nilimwambia asiniachie mkeka tena akaenda kuswali pembeni. Akiona nimekosea, aniambie, hata kama ni mara ngapi.

"Utachoka kusikia," alisema.

"Nitakuwa nimesahau."

Hakucheka. Alikwenda kutawadha.

Swala ya magharibi ilipoingia nilitandika mikeka mwenyewe, sebuleni, kuelekea ukuta wa magharibi. Hapo sikukosea. Niliswali kwa utulivu, nikayasikiliza maneno yangu mwenyewe. Nikakaa tahiyatu, nikageuza uso kulia na kutoa salamu.

Nyuma yangu kikasikika kiganja. Mara moja, kikavu.

Rakaa mbili. Nilikuwa nimeswali mbili badala ya tatu.

Nikasimama kwa ya tatu, naye akasimama nyuma yangu. Kabla ya salamu ya mwisho tukaleta sijida ya kusahau, sote wawili, kwa sababu imamu akisahau, maamuma aliye nyuma yake husujudu naye.