Vifaranga Wako, Dada

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, wewe na shemeji, na wanangu wanakua vizuri. Sisi tupo. Mama miguu bado imemgomea, ila ulimi haujambo kabisa.

Umeulizia vifaranga. Tetea mweusi wa mama alianza kuatamia mwezi jana, ukimsogelea anavimba na kukudonoa. Mama akaniamuru nimwekee mayai kumi na moja kwenye karai lenye nyasi kavu, mle stoo ninamoshonea. Kila asubuhi alitoka mara moja, akala, akanywa, akarudi mbio. Siku ya saba mama akataka nimpelekee mayai kitandani, akayamulika moja moja kwa tochi. Yote yalikuwa na mishipa. Alifurahi, sijamwona hivyo tangu augue.

Siku ya kumi na nane, nikimkanda miguu, akasema vifaranga wote ni wako. Eti uko mbali, hujapata kitu cha nyumbani. Nikamuuliza, na mimi je? Akanijibu mimi nipo, nimekosa nini. Dada, miaka sita namwogesha, namgeuza, namlisha, wewe unapiga simu! Roho iliniuma, sikufichi.

Siku ya ishirini na tatu, kimya. Mama akaweka yai sikioni, akalitikisa, akalia. Akasema tetea huyo mzembe, hafai hata kufugwa, nimchinje. Nikamchinja. Alipokuwa anakunywa supu akanishika mkono, akasema mimi peke yangu sijawahi kumwangusha.

Tetea hakuzembea, dada. Asubuhi iliyofuata baada ya mama kusema vifaranga wote ni wako, tetea alipotoka kula, nilifunga mlango wa stoo nikakaa kwenye cherehani. Mvua ilikuwa inanyesha. Aligonga mlango kwa mdomo, akalia mpaka jioni. Mama akauliza kuku gani huyo, nikasema wa jirani. Kesho yake nikarudia. Kila nilipomfungulia alikimbilia mayai yake ya baridi, akayakalia mpaka siku nilipomtoa kwenda kumchinja.

Mama sijamwambia. Ukitaka mwambie wewe, mimi kinywa changu hakifunguki.

Anakusalimu sana. Anasema usisononeke, ameshaagiza tetea mwingine, na vifaranga bado ni wako. Safari hii njoo umtunze mwenyewe. Mimi sijiamini.

Wasalimie wote.

Ni mimi, mdogo wako.