Anayeitwa Dada

Jumatatu, 3 Machi

Saa saba na nusu mchana. Watoto wa darasa langu la chekechea wamelala, magodoro kumi na tisa, na mimi ningelala kwenye la ishirini kama Mwalimu Mkuu asingekuwa anapitapita na ndala zake. Nimechoka. Nimechoka hata kuandika kwamba nimechoka.

Chuo kimetupa asaimenti. Eleza hatua za ukuaji wako mwenyewe, tangu kuzaliwa mpaka miaka sita, uzihusishe na nadharia mbili. Alama arobaini! Ijumaa saa sita mchana iwe imefika. Mhadhiri anasema ni rahisi, kila mtu alikuwa mtoto. Haya. Nilikuwa mtoto, sikatai, ila sikuwa naandika.

Jioni nitampigia mama.

Jumanne, 4 Machi

Mama alinijibu bila kupumua. Nilikaa na miezi sita, nikatambaa na saba, nikasema "mama" na tisa, nikatembea na kumi. Kila kitu mapema kuliko kitabu kinavyosema! Kumbe nilikuwa kipanga, nikaja kuharibikia ukubwani.

Nikaandika ukurasa na nusu hapohapo. Kuna mtaalamu mmoja anasema mtoto mchanga ukimficha kitu, kwake kimekwisha, hakipo tena duniani. Akifika miezi minane hivi ndipo anajua kipo, anaanza kukitafuta. Leo asubuhi nikamjaribu mwanangu, Bonge, nikaficha kijiko chini ya taulo. Akalifunua taulo, akakitupa kijiko, akanikodolea macho. Miezi kumi na sita, meno manane, neno hata moja. Hamna. Kazini nawafundisha kusema watoto wa watu, wangu bubu!

Dada anayemlea ananiambia, Dada usijali, kila mtoto na siku yake. Mimi namwita Dada, yeye ananiita Dada. Nyumba hii ina adabu mno.

Ninachotaka ni kimoja tu. Aniite mama. Si lazima kwa miezi tisa.

Jumatano, 5 Machi

Yule mtoto wa darasani tunayemwita Mheshimiwa amemuuma mwenzake tena. Sina la kuandika. Miguu yangu inawaka moto!

Alhamisi, 6 Machi

Mama mdogo alipiga simu, ana shida ya mlango wake. Nikamwambia naandika habari za utoto wangu. Nilipofika kwenye miezi kumi akacheka mpaka akakohoa. Utembee na miezi kumi, wewe? Ulitembea na mwaka na nusu! Ulikuwa unaburuta makalio nyumba nzima, tukikufulia suruali mbili kwa siku.

Na nani amekudanganya kwamba ulianza na "mama"? Neno lako la kwanza ni "dada". Mama yako ulikuwa unamwita Dada!

Nikamuuliza, kwa nini? Akasema, ungeiga kwa nani? Mama alipata kazi kiwanda cha nguo, mji mwingine, mimi nina miezi kumi. Akaniacha kwa bibi na mama mdogo. Anakuja mara moja kwa mwezi, siku mbili. Akitokea tu mlangoni, mama mdogo anapiga kelele, "Dada amekuja!" Na mimi nyuma yake, Dada, Dada.

Nilijua mama alifanya kazi mbali kidogo. Kumbe hicho kidogo ni miaka mitatu.

Mama mdogo akashtuka katikati ya kicheko. Eti usimwambie nimekuambia. Anayesema hivyo huwa ameshachelewa.

Kwa hiyo nina ukurasa na nusu wa uongo, na nadharia juu yake. Na nikihesabu vizuri: miezi kumi, si minane. Aliondoka wakati nimeshajua kwamba kitu kilichofichwa kipo. Ina maana nilimtafuta.

Nina hasira. Na ninamhurumia. Vyote viwili kwa pamoja vinachosha zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne, mapumziko ya uji, nikajifungia stoo kwenye mikeka nikampigia. Mama, niliwahi kukuita Dada?

Nikasikia cherehani yake ikisimama. Hakuuliza nani kaniambia, anamjua mdogo wake.

Akasema mwanzoni alinirekebisha. Sema mama. Nikalia, nikarudi kwa mama mdogo. Mwezi uliofuata akawaza, siku zenyewe nina mbili, nizimalize kwa kumliza mtoto? Basi nikimwita Dada, anaitika. Abee. Abee mwanangu. Miaka mitatu.

Nikamuuliza, sasa ile miezi tisa? Akasema, si ulisema ni ya chuo? Alama zako nikuharibie mimi?

Sikujua nicheke au nilie. Nikafanya vyote, mpishi akagonga mlango kuuliza kama nimeangukiwa na kitu.

Mama akaendelea mwenyewe. Alisharudi nyumbani moja kwa moja, nina miaka minne, anashona. Nikaja nikasema, "Mama, uzi umekatika." Kweli ulikuwa umekatika. Akauunga. Halafu akaukata kwa mkono wake, ili niseme tena.

Nimechana ukurasa na nusu. Nimeandika upya, nadharia moja badala ya mbili, nimetuma saa sita kasoro dakika tano. Wakate alama wanazotaka.

Jumapili, 9 Machi

Tunafua uani, mimi na Dada, mabeseni mawili. Nikamuuliza wanawe wawili walioko kwa bibi yao wanamwitaje kwenye simu. Akasema, jina langu, si wanamsikia bibi yao! Akacheka. Mimi sikuweza.

Nikamwambia, kuanzia leo usiniite Dada. Niite Mama Bonge. Tafadhali. Akaniangalia kidogo, akaelewa.

"Sawa, Dada."

Tukacheka mpaka povu likamwagika. Na Bonge, aliyekuwa ameshika ukingo wa beseni, akatuangalia, huyu, kisha huyu, akafungua mdomo. Safi kabisa, kama mtu mzima.

"Dada!"

Tukaitika wote wawili kwa pamoja. Abee!

Dada akasema, anakuita wewe. Nikasema, hapana, wewe ndiye unayeshinda naye. Akasema, wewe. Akamfuta Bonge mikono, akamwingiza ndani, nikabaki na nguo.

Daftari limelowa, naandika nimekaa kwenye ndoo. Anaita tena huko ndani. Dada! Dada! Na mwenzangu amenyamaza makusudi, namjua, amesimama nyuma ya pazia anasubiri niitike mimi. Nilikuwa nimeshajiandaa nimrekebishe taratibu, sema mama, sema ma-ma. Mwalimu mzima!

Dada!

Abee. Abee mwanangu, nakuja —