Mjukuu ameinama getini

Shoga, uko wapi?

Nimetoka kumchukua mjukuu wangu shuleni. Si unajua tulimpeleka karate mwaka mzima apate ujasiri, aache kuogopa hata kivuli chake?

Nimemkuta getini, binti wa fundi cherehani kamkwida ukosi anamzaba makofi. Mimi niko ng'ambo, magari hayaishi, siwezi kuvuka. Nikasema moyoni, leo atakiona huyo!

Hakuinua hata kidole. Alipoachiwa akabana miguu, mikono mapajani, akainama. Shoga, akainama!

Watoto hoi kwa kicheko. Mwingine kaja mbio, "Na mimi zamu yangu!" Kamzaba. Akainama tena.

Njiani nikamuuliza, "Mwanangu, karate yote ile, umeshindwa hata kumsukuma?"

"Bibi, mwalimu alisema tukimaliza kupigana tunamwinamia mwenzetu."

Wala halii, shoga. Anavuta soksi tu.

Nikamwambia basi, karate tuache, haijakusaidia kitu. Hapo ndipo machozi yakamtoka.

"Usinitoe, Bibi. Kule wakishanipiga, na wao wananiinamia."