Paa Juu ya Saa ya Jua

Shangazi mpendwa, nishike mkono kabla ndoa haijanishinda, maana nakuandikia nikiwa nimejifungia bafuni na bomba nimelifungulia ili mume wangu adhani naoga. Mimi ni mshonaji, na nina kikundi cha wenzangu tunaopenda saa za jua, zile zinazoonyesha wakati kwa kivuli, tunazitengeneza wenyewe, tunatumiana picha, watoto wanatucheka. Sasa juzi gazeti likaandika kwamba ofisi ya bustani ya mji imeijengea saa yake ya jua paa la bati isinyeshewe, yaani jua lenyewe haliioni tena, basi kikundi kikaangua vicheko, mmoja akauliza kama usiku wataifunika blanketi, mwingine akasema sasa ni saa ya kuuliza mpita njia, na mimi na mdomo wangu usio na breki nikaandika kwamba fundi aliyejenga paa lile ndiye atakayemshonea samaki koti la mvua. Utani ukasambaa mpaka redioni. Jioni mume wangu, Baba Mapacha, fundi wa kuchomelea vyuma, akarudi, akakaa bila kuvua viatu, akaniambia ile kazi aliyokuwa akinificha ilikuwa ni lile paa, alitaka anipeleke nilione kwa vile napenda hizo saa, na sasa karakana nzima inamwita Koti la Samaki. Kisha akanitazama akasema taratibu, "Aliyesema hivyo ana ulimi kama wako." Nikasingizia chungu kinaungua, nikakimbilia jikoni. Tangu hapo ananishukuru kwa chakula kama mgeni, na kikundi kimepanga kwenda Jumapili na kurunzi tukasome saa chini ya bati, na kiongozi wa msafara ni mimi. Nikisema nitamvunja moyo, nikinyamaza naungua mwenyewe. Nifanyeje?

Mwenye Ulimi

Mwanangu, kwanza funga hilo bomba. Nimecheka, sikufichi, halafu nikakuonea aibu. Mumeo anajua. Mtu aliyelea mapacha nawe hashindwi kuutambua utani wako. Alikufungulia mlango useme, ukakimbilia chungu ambacho, nakisia, hakikuwa hata motoni. Na unadhani kinachomuuma ni samaki? Alipiga kila msumari wa bati lile akikuwaza wewe. Isitoshe, ofisi iliagiza paa, naye akajenga paa. Kama ni kucheka, mngeicheka ofisi.

Leo, kabla hajanawa mikono, kaa mbele yake useme ni wewe, na ulikosea. Ukomee hapo. Usitie "lakini", wala usianze kulia hadi yeye ndiye akubembeleze. Akikasirika, mwache, ana haki yake. Kisha waambie wenzako fundi ni mumeo na msafara wa kurunzi umekufa. Atakayebisha, huo ulimi umtumie yeye.

Moyo wake ukipoa, mwombe akupeleke ukalione paa lake. Saa hamtaisoma, najua. Nendeni tu. Chini ya bati lile kuna kivuli kinachotosha watu wawili.