Walioonyesha Njia ya Iga

Acocks Green, Birmingham
Tarehe 4 mwezi wa tatu, 2024

Papa mpendwa,

Salamu nyingi. Mama na mimi tuko wazima, ila baridi inatusumbua. Mguu wako unaendeleaje? Mama amekwisha kusaini karatasi za kukudhamini uje huku. Tunangoja jibu tu.

Chuoni naandika juu ya Iga, jimbo la zamani la Japani ambalo siku hizi halimo tena kwenye ramani. Mwaka 1581 jeshi la Oda Nobunaga liliingia kwa njia za milimani, likachoma nyumba na mahekalu, likaua hata wakulima. Kilichoniumiza ni kwamba wenyeji wawili wa Iga ndio walioonyesha njia.

Nikakumbuka kijiji chetu kilivyochomwa, na kaka Ciza alivyouawa. Wale askari walijuaje njia ya bondeni? Wewe ulikuwa shambani asubuhi ile. Hukuona mtu akiwaonyesha?

Mwanao,
Nabintu


Bukavu
Tarehe 19 mwezi wa tano, 2024

Nabintu mwanangu,

Nakusalimu, na mama yako pia. Mguu ni ule ule. Nisamehe kuchelewa, nimechana barua tatu.

Mtu huyo ni mimi. Walinikuta napalilia mihogo, wakasema, "Tuonyeshe njia, nyumba yako hatutaigusa." Nikawaonyesha. Nyumba yetu kweli hawakuigusa. Sikujua kwamba Ciza amekwenda kwa nyanya yake kuomba chumvi.

Miaka yote ile nilikula sahani moja na mama yako, nikanyamaza. Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikifika. Na wale wawili wa Iga, mwisho wao ulikuwa nini?

Papa yako,
Sylvestre


Acocks Green
Tarehe 2 mwezi wa sita, 2024

Papa,

Tumepata barua yako. Mmoja wao, inasemekana, alilindwa mpaka Nobunaga alipokufa mwaka uliofuata. Hapo watu wa kwao wakamvamia, akakimbia.

Nilimsomea mama. Alikuwa anasonga bugali. Akazima moto, akaniambia nirudie mstari wa Ciza. Nikarudia. "Tena." Nikarudia. Akauliza, "Papa yako aliponisaidia kuosha maiti ya mtoto, alilia kweli?"

Jana tulikwenda Erdington kwa mwanasheria. Mama ameondoa udhamini wake. Mwanasheria akamwomba afikiri kwanza wiki moja. Mama akaniambia, "Muulize, mume wangu alifikiri kwa muda gani?"

Nilidhani nitakutetea. Nilifungua mdomo, nikatafsiri tu.

Usituandikie tena.

Nabintu