Kinamasi Kilichopimwa

Kerubo mjukuu wangu,

Huku Marani tu wazima, ila ng'ombe wa mjomba wako amezaa dume tena. Umeuliza mbona sikukupongeza kwenye simu uliponiambia kuwa unachora ramani ya sakafu ya bahari huko Mombasa.

Nikiwa msichana, wapimaji walikuja kwenye kinamasi chetu. Walisema wanataka tu kujua kina chake na samaki waliomo. Tukawaonyesha kambare wanapotagia, tukawapikia na matoke. Ramani ilipokamilika, kinamasi kikapata mwenyewe. Akachimba mitaro, akakausha maji, akapanda mikaratusi. Siku hizi hata chura halii pale.

Wewe pima, kazi ni kazi. Lakini ukishajua samaki wanazalia wapi, utamwonyesha nani?

Ni mimi nyanya yako.